Drili Nyekundu ya Mdogo Wangu

Useremala mdogo wangu nilimfundisha mimi, kwetu Msambweni, tangu hajui kushika randa. Nalisema hilo kwanza ili lijulikane. Hata kazi ya hoteli kule Diani ni mimi niliyemwombea kwa msimamizi. Basi mtu huyo akarudi kutoka Mombasa siku moja na drili nyekundu, jina la Kijerumani ubavuni kwa herufi nono, na mimi mkubwa wake nina ya kijani, yenye jina ambalo hata mwenye duka Ukunda alishindwa kulisoma.

Nilimwonea wivu, tena wivu wa kukosa hamu ya chakula. Msimamizi wetu, mtu wa bara, alipoiona alipiga mluzi.

"Wee, hii sasa ndiyo mashine, buda! Mzee, hiyo yako ni ya watoi kuchezea."

Tangu hapo kila penye kitasa cha kutiwa akaitwa mdogo wangu. Mimi nikabaki kupiga msasa. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba siku hizi kazi hufanywa na mashine, si na mtu. Aliendelea kuchambua mchicha wake.

Siku moja drili yangu ikaanza kutoa cheche. Nikaifungua, na mdogo wangu akafungua yake kando, tuone yangu imepungukiwa na nini. Haikupungukiwa na kitu ila kaboni za mota zilizolika. Nyaya zilezile, swichi ileile ya China, nambari ileile imepigwa ndani ya plastiki. Hata skrubu za yake ziliingia kwenye yangu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, kumbe ni mapacha! Wamevishwa kanzu tofauti tu."

Nikacheka nami, cheko la mdomoni. Ikiwa drili ni moja, basi kilichokuwa kikiitwa kila asubuhi hakikuwa drili.

Sikukubali. Kesho yake, yangu imeshatiwa kaboni mpya, tulipokwisha kuingia kazini, nikamwomba tubadilishane kwa siku hiyo. "Chukua, kaka, mbona jambo dogo," akasema, akanipa kwa mikono miwili. Nikasimama na ile nyekundu pale ambapo msimamizi lazima anione. Akaja, akanisalimu vizuri, akanipita. "Twende juu, kuna vitasa vinne," akamwambia mdogo wangu, naye akapanda ngazi na ile ya watoi mkononi.

Pale hotelini, fundi akiingia, askari wa getini huandika kitabuni chombo chake, jina na rangi. Ukitoka na kisicho chako wewe ni mwizi, na hoteli nyingine zitasikia kabla hujafika kwako. Jioni ile, kabla hatujarudishiana, mdogo wangu alitangulia na ya kijani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nyekundu imo mkobani mwangu chini ya randa.

"Hii imeandikwa ya kaka yako," askari akamwambia. "Mbona unatoka nayo wewe?"

Mdogo wangu akageuka, anatabasamu. "Mwenyewe huyu hapa, muulize."

"Mzee, ulimpa?"

Neno moja tu lilitosha, ndiyo. Likanifika ulimini, nikalibana. Nikaiona hoteli isiyokuwa na yeye, na vitasa vyote vyangu. Hasidi hana sababu, wazee walisema. Mimi sababu nilikuwa nayo, ikaisha siku tulipofungua zile mashine, na uhasidi haukuisha. Mafundi waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Askari akanyoosha mkono kuchukua redio yake. Tabasamu la mdogo wangu likapungua, likapungua, mpaka likatoka usoni kabisa.

"Nilimpa," nikasema mwishowe. "Tulibadilishana." Nikaitoa ile nyekundu, na askari akatupisha.

Tulitembea hadi kwenye tuktuk. Hakunilaumu, wala hakumwambia mama. Shikamoo yake bado naipata kila asubuhi, na kazi tunafanya pamoja. Ila zamani tulikuwa tukitoka getini bega kwa bega. Sasa, ikifika jioni, yeye hukaa akiifuta drili isiyo na vumbi, akingoja mimi nitoke kwanza.