Mguu wa Mhasibu

Mhasibu wa kiwanda cha magodoro ana mguu unaostahili mshahara wake peke yake. Akiandaa taarifa ya mtiririko wa fedha, mguu huo unacheza chini ya meza mpaka chai ya karani anayekaa naye inamwagika. Anaanza na faida, anarudishia uchakavu wa mashine kwa kuwa haukutoa hela yoyote, anatoa deni ambalo wateja hawajalipa, anatafuna kifuniko cha kalamu, anasimama, anakaa. "Jamani, huo mguu!" karani hulalamika kila siku.

Leo bosi kaingia akipiga mluzi. "Si tumepata faida? Mbona umekunja uso?"

"Faida ipo, bosi. Hela ndiyo hakuna. Nyingine iko kwa wateja, nyingine imelala stoo, imegeuka magodoro."

"Basi ule mkopo tuliochukua benki uchanganye na hela ya mauzo, waone biashara inajiendesha, watupe mwingine."

Mguu ukasimama. "Mkopo utakaa kwenye mikopo, bosi," akasema polepole, bila kuinua macho.

"Haya. Benki wakitunyima, mishahara utalipa wewe!" Mlango ukabamizwa.

Karani akatazama kikombe chake. Chai ilikuwa imetulia tuli, na kwa mara ya kwanza akatamani ule mguu uanze tena kucheza.