Mama Cheti Apanda Basi la Kanisa

Léocadie Nabintu, mshonaji wa Troyeville, hakumpa bibi harusi yeyote gauni lake kabla ya kuona karatasi ya miadi ya kusajili ndoa katika ofisi ya serikali ya Home Affairs. Wengine walilia. Aliwapa kiti, akaendelea kushona, na gauni likabaki limening'inia nyuma ya mlango mpaka karatasi ilipoletwa. Kanisani walimwita Mama Cheti. Jina hilo halikumchekesha wala kumuudhi.

Tabia hiyo ilianza alipofiwa na mumewe. Yeye na Marcellin, wote watu wa Bukavu, walifungishwa ndoa katika kambi ya wakimbizi na mchungaji aliyekuwa na Biblia lakini hakuwa na rejista. Waliishi pamoja miaka kumi na tisa bila kujaliwa mtoto, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapa Johannesburg. Kisha figo za Marcellin zikashindwa, akafa siku ya Jumatatu. Mochwari wakamuuliza Léocadie yeye ni nani wa marehemu. Akasema ni mke. Wakaomba cheti. Akatoa picha ya harusi. Karani aliitazama, akasema ni picha nzuri, akamrudishia.

Ikabidi wamngoje mdogo wa Marcellin atoke Cape Town aje kutia sahihi, kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi za undugu. Ndugu hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka saba, kwa hiyo hakufanya haraka. Zikapita siku kumi na saba. Kila asubuhi Léocadie aliketi kwenye benchi nje ya mochwari, na kila asubuhi Pasta Hénock wa kanisa lao alikuja kuketi naye. Hakuhubiri. Alileta maandazi.

Nusu ya duka la Léocadie alikuwa amempangisha Murielle, msusi kutoka Uvira. Murielle aliishi Bertrams na nesi mmoja Mzulu aliyeitwa Zodwa. Léocadie aliamini kwamba wanagawana kodi ya nyumba tu. Siku moja akamwambia:

"Murielle, una miaka thelathini na minne. Nikushonee gauni lini?"

Murielle akazima draya. "Nilishaoa, Mama Léo. Au niliolewa, sijui tuseme vipi. Mwaka jana."

"Na nani?"

"Na Zodwa."

Léocadie akashona pindo la mkono mzima. Kisha akauliza, "Mmesajili?"

Murielle akafungua mkoba, akamtolea cheti. Léocadie akavaa miwani, akasoma majina, akasoma tarehe, akaugeuza muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Na magauni nani aliwashonea?"

"Tulinunua Fordsburg."

Hilo ndilo lililomuuma. Hilo lingine alilibeba kwa wiki kadhaa. Alisoma Biblia yake, akaomba, na juu ya dhambi hakufikia uamuzi wowote. Juu ya vyeti alikuwa na uamuzi wa zamani.

Mwaka uliofuata chama kimoja kidogo cha siasa kilipeleka bungeni pendekezo kwamba serikali ipige marufuku ndoa za watu wa jinsia moja, ambazo hapa Afrika Kusini ni halali. Kamati ya bunge ikatangaza vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi. Jumapili hiyo Pasta Hénock akaweka fomu za kuunga mkono kwenye meza ya mlangoni, karibu na bahasha za sadaka, akatangaza kwamba kanisa litakodi basi la kwenda kikaoni. Waumini walitia sahihi wakitoka. Léocadie aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, huku foleni ikimngoja.

"Pasta," akasema, "hapa wanasema vyeti visitolewe tena."

"Ndiyo, mama."

"Na hawa watu wataenda wapi?"

"Hawataenda popote. Ni cheti tu."

Léocadie akamtazama. Pasta akatazama bahasha. Fomu ikarudi mezani bila sahihi.

Siku ya Jumanne alimwomba Murielle amwandikie barua ya kupinga pendekezo lile, kwa Kiingereza, isiyozidi ukurasa mmoja. Murielle aliiandika, akasema yeye mwenyewe hatakwenda kusimama popote, kwa kuwa huko Uvira mama yake alikuwa hajui. "Sikukwambia usimame," Léocadie akasema. "Andika."

Kwa wiki tatu aliizungusha barua hiyo mtaani. Alikwenda spaza, kiduka cha mtaani, alikwenda kwa fundi viatu, alisimama karibu na roboti, zile taa za barabarani, ambapo watu husubiri teksi. Mwanamke mmoja alimwombea hapo hapo, amemshika kichwa, kwa muda mrefu. Alipomaliza Léocadie akamshukuru, akampa kalamu. Mwanamke akaikataa. Mpaka mwisho alipata sahihi kumi na moja. Watatu kati ya hao walidhani ni malalamiko ya umeme. Alipogundua alirudi kwa kila mmoja kumweleza. Wawili walifuta majina yao. Wa tatu, mzee mmoja Mrundi aliyeitwa Léonce, alisema acha tu, hata umeme haukuwahi kurudi kwa sababu ya sahihi yake.

Siku ya kikao alipanda basi la kanisa. Lilikuwa la bure na lilikuwa linakwenda kule kule. Hakuna aliyeketi naye, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pili.

Ukumbi ulijaa. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Kulikuwa na wakalimani wa Kizulu na Kisotho. Wa Kiswahili hakuwepo, kwa hiyo kanisa lilikuwa limemwandikisha Pasta Hénock awatafsirie waumini wake. Saba walisema wanaunga mkono, Pasta akatafsiri. Wa nane akawa Léocadie.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba mama huyu ni mgeni, hapigi kura. Mwenyekiti akasema kikao ni cha wote, dakika zinahesabiwa.

"Mimi ni mjane," Léocadie akaanza.

Pasta Hénock, kwa sauti yake nzito, akatangaza kwa Kiingereza kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke aliyefiwa na mume. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka, wala Léocadie.

"Sikuja kusema mambo ya kitandani. Hayo siyajui hata ya majirani zangu. Nimekuja kusema mambo ya mochwari."

Pasta akatafsiri. Kicheko kikaisha.

"Mume wangu alikaa kwenye friji siku kumi na saba kwa kuwa sikuwa na cheti. Mungu alijua sisi ni mke na mume. Kanisa lilijua. Karani hakujua, na ufunguo ulikuwa kwa karani. Mkifuta vyeti vya hawa watu, hamtawafuta wao. Wataishi pamoja vile vile, watakufa vile vile. Mtakachoongeza ni watu kwenye lile benchi."

Pasta akatafsiri taratibu, bila kuruka neno.

"Kuna mtu mmoja aliyeketi nami siku zote hizo, akaniletea maandazi. Yuko hapa. Hakubaliani na mimi. Nataka na hilo liandikwe."

Pasta Hénock akatoa leso. Mwenyekiti akamuuliza kama tafsiri imekwisha. Akasema bado. Akajipangusa uso, akatafsiri yote isipokuwa maandazi. Kengele ikalia.

Wiki iliyofuata kwaya iliondoa sare zake thelathini na mbili kwa Léocadie, ikazipeleka kwa fundi mwingine. Wazee wa kanisa walimtoa kwenye kamati ya kupokea wageni. Kwa miezi minne alishona mapazia na sare za shule, akasema mapazia hayana bibi harusi wa kulia. Mwezi wa tano redio ikatangaza kwamba pendekezo lilikosa kura za kutosha. Murielle alisikia akiwa na kichwa cha mteja mikononi. Alitoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi kumalizia msuko. Léocadie akamuuliza kama wamekitia cheti chao kwenye plastiki. Walikuwa hawajatia. Akampa mfuko.

Baadaye Pasta Hénock alikuja dukani na suruali ya kupunguza. Akasimama juu ya kigoda, Léocadie akapiga magoti na pini mdomoni.

"Bado naamini nilichokiamini, mama," akasema.

"Mm," akajibu, kwa sababu ya pini.

"Wazee wanataka nikusimamishe ushirika."

Léocadie akatoa pini. "Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia tuombe kwanza."

"Mtaomba mpaka lini?"

"Sijaweka tarehe."

Bado wanaomba. Léocadie huketi safu ya tatu upande wa kushoto, ambako siku hizi kuna nafasi. Mwezi uliopita mke wa Pasta alihamia huko, akasema upande ule una hewa.