Mtaa Mzima Ulileta Pilau

Mama yangu alipoambiwa kliniki kwamba sukari isiposhuka ataanzishiwa sindano za insulini, alitoka mle ndani bila kuaga, na mama yangu si mtu wa kuondoka bila kuaga. Ugonjwa haukumtisha. Kilichomtisha ni sindano. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza kibaka kwa mwiko, lakini akiona sindano anatafuta mlango. Daktari alimpa muda mpaka kliniki inayofuata, akamsisitiza ale vizuri. Mama akajibu kwamba yeye anakula vizuri sana. Nilimwamini nusu.

Wakati huo alikuwa amehamia kwangu Chanika. Nilimtoa Mtoni, alikozaliwa na kuzeeka, kwa sababu nyumba yake ilikuwa inajaa maji kila masika. Mimi nafanya kazi Mikocheni, natoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo chakula chake cha mchana nilikuwa nakisikia tu kwa maneno yake. Nilichokiona ni mchicha kunyauka kwenye friji, na sukari kuisha haraka mno kwa nyumba ya watu wawili. Nikiuliza, anasingizia sisimizi.

Ndipo yakaanza mafunzo ya Jumamosi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mwalimu wetu alikuwa bibi shamba, yaani afisa kilimo, binti mdogo mwenye sauti kubwa. Alitufundisha kuandaa matuta ya mboga, kuosha nyanya na vitunguu vya kachumbari kwa maji safi, na kutouacha wali mezani mchana kutwa halafu tukajidanganya kwamba ukipashwa moto unakuwa salama. Mwisho wa mafunzo kila nyumba ingepata mbegu na samadi, na yeye mwenyewe angepita kusaidia kupanda bustani na kupanga mlo. Mama aliposikia hivyo aliona njia ya kuikwepa sindano imefunguka. Tukajiandikisha wote wawili.

Jumamosi moja bibi shamba akatupa kazi: wiki ijayo kila mtu aje na chakula anachokula nyumbani siku ya kawaida, kama kilivyo. Nikadhani hakuna kazi rahisi kuliko hiyo duniani.

Wiki ikapita. Alfajiri ya Jumamosi niliamshwa na harufu ya pilau. Nikamkumbusha mama kwamba ameambiwa chakula cha kawaida. Alinitazama kama nimemtukana, akasema mtu wa watu hapelekewi chakula cha kawaida, na kwamba hajui mimi nililelewa wapi. Aliyenilea ni yeye.

Tulipofika na kufungua vyombo, nilishika kichwa. Pilau, pilau, biriani, kuku wa nazi, pilau. Jirani yetu, mwanamama mwalimu mstaafu wa kutoka Bukoba, alileta ndizi na nyama za kulisha wageni wa kipaimara. Bibi shamba alizunguka, akaonja, akamuuliza kila mmoja kama kweli ndivyo anavyokula. Wote wakasema ndiyo. Mwalimu mstaafu akaongeza kwamba siku nyingine kwake huwa na matunda pia. Nilitaka kucheka, ila mama alikuwa amenifinya paja.

Bibi shamba akaweka kijiko chini.

"Mnakula vizuri kuliko mimi," alisema. "Basi mbegu na samadi nitapeleka mtaa mwingine wenye shida. Nyie hamna cha kujifunza kwangu."

Kama alikuwa anatania, mpaka leo sijui. Kusema kweli ni kujiumbua mbele ya majirani, na kukaa kimya ni kuiaga bustani. Kila mtu akawa anamtegea mwenzake. Mimi hasira zilishanipanda, nikafungua mdomo, lakini mama alisimama kabla yangu.

"Mwanangu, hiyo pilau nimekupikia wewe," alimwambia bibi shamba. "Mie mchana nakunywa chai, sukari vijiko vitatu, na andazi. Njaa ikizidi nakula wali wa jana, na wala siupashi."

Bibi shamba akamuuliza kwa upole kwa nini asipike, na mboga zipo.

"Nimpikie nani? Mtoni nilikuwa nasonga ugali, hata sijaepua, watu washajaa barazani. Huku nakula na ukuta."

Maneno yale yalinichoma. Nilijiona nimemtoa kwenye maji nikamweka pazuri, na kweli ni pazuri, lakini sikuwahi kuwaza mchana wake una urefu gani. Niliinama kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka mwalimu mstaafu ayaone.

Kumbe naye alikuwa anafuta miwani. Akasimama, akasema kwamba tangu mumewe afariki chakula chake cha mchana ni karanga na soda, na zile ndizi alizileta kwa sababu hakuwa na mtu wa kumpikia tangu Pasaka. Baada yake watu wakafunguka mmoja mmoja. Huyu viazi vya kukaanga, yule kiporo cha muhogo, na tukacheka mpaka mjumbe wa mtaa akaja kuchungulia kuna nini.

Mbegu zikabaki mtaani kwetu. Mama na mwalimu mstaafu waliamua kulima bustani moja, katikati ya nyumba zetu mbili, na kupika chungu kimoja kila mchana. Wanagombana kila siku. Mwalimu anasema watu wa pwani hata maji wangeyaunga kwa nazi. Mama anasema watu wa bara hawajui kupika, wanajua kuchemsha. Chai wanainywa bila sukari, na kuilalamikia wanailalamikia pamoja.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Daktari alitazama kipimo, akasema sukari imeshuka, aendelee na vidonge, sindano haihitajiki kwa sasa. Kwa furaha nikamwambia mama tupitie Mtoni tukale mchana kwa dada yake, kama siku za zamani.

Alikuwa ameshajifunga mtandio, anaelekea mlangoni.

"Twende nyumbani Chanika," alisema. "Mwenzangu hali mpaka nifike."