Wanyonyi na Sanduku la Mapigo

Kwa miaka saba Wanyonyi alipiga drams mjini Eldoret katika bendi ya Gathogo, mpiga gitaa ambaye nyimbo zake hazikuwa na neno hata moja. Wimbo mmoja uliweza kwenda dakika kumi na mbili, mapigo yakigeuka kila mara, hata waliokuja hotelini kucheza dansi wakarudi vitini wakiguna. Lakini walikuwako walimu na makarani waliokuja kila Jumamosi alasiri kusikiliza tu. Hao ndio Wanyonyi aliowapigia.

Mwaka wa 1986 homa ya matumbo ilimlaza miezi miwili. Aliporudi, suruali ikimpwaya, alikuta bendi imeshatoa kanda bila yeye.

"Tulikungoja, ndugu yangu," Gathogo alimwambia, macho chini. "Lakini siku za studio zilikuwa zimeshapangwa. Binamu yangu akaniletea hii kutoka Ujerumani."

Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa Biblia, kimejaa vitufe. Gathogo akabonyeza kimoja. Mapigo yakatoka safi, sawasawa kama mishono ya cherehani, na Wanyonyi akayatambua. Yalikuwa yake. Gathogo alikuwa ameyakumbuka yote, akayaingiza mle moja moja.

"Umeyaweka vizuri," Wanyonyi akasema.

Kanda ikapendwa, na bendi ikaendelea na sanduku hilo. Siku moja aliingia dukani kwa Macharia kununua betri, akakuta inachezwa na wateja wanabishana.

"Sikia hapo!" Macharia alisema. "Mashine haichoki, haikosei."

"Hiyo ndiyo shida yake," akajibu mwalimu Jelagat. "Yule jamaa wa zamani alikuwa akichelewa kidogo kabla gitaa halijapanda, mpaka unazuia pumzi. Hii haingoji mtu."

"Alichelewa kwa sababu hakujua kuhesabu," karani Kipkorir akacheka.

"Alikuwa akimngoja Gathogo," Jelagat akasema.

Kwa vile Wanyonyi alivyokonda, hakuna aliyemtambua. Alitamani kusema, ni mimi huyo. Akachukua betri zake, akatembea hadi Kimumu alikopanga chumba, njia nzima mkono ukipiga paja.

Jumamosi iliyofuata alikwenda hotelini, akasimama karibu na mlango. Sanduku lilikuwa juu ya kiti. Wimbo ulipofika mahali pa kupunguza mwendo, Gathogo aligeuka nyuma kwa mazoea, akitafuta uso wa mtu. Sanduku lilikuwa limeshasonga mbele, na gitaa likaachwa nyuma. Alipoinua macho akamwona Wanyonyi.

"Wiki ijayo uje na vijiti vyako," alimwambia baadaye.

Alikuja. Kwa nyimbo mbili alikuwa mzima tena. Gathogo akigeuka, yeye yuko pale. Jelagat alisimama akapiga makofi. Ila wimbo wa tatu mikono ikamlegea, jasho likamwingia machoni.

"Pigeni kama kwenye kanda!" Kipkorir akapaza sauti, na meza nyingi zikamuunga mkono.

Walipomaliza, Wanyonyi alifungasha vijiti. "Endelea na sanduku lako," akasema.

Gathogo alitaka kukataa, lakini hakukataa upesi, na Wanyonyi akalijua jibu.

Alihamia Moiben, akaajiriwa kwenye mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Mashine ilinguruma kwa mwendo uleule kutwa. Aliipenda kazi ile kwa jambo moja tu: adhuhuri, mtambo ukizimwa, kimya kilishuka ghafla, na ndani yake akasikia gitaa likipunguza mwendo. Alikuwa akisimama hapo, mkono juu ya gunia, akingoja.

"Baba, mahindi yangu je?" akina mama waliuliza.

"Pole, mama," alijibu, akaenda kuwasha mtambo.