Ukurasa Baada ya Gharika

Baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Tata, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri karibu na Muleba, zama za Mwingereza. Alikuwa na kitabu kikuukuu cha historia ya Biblia, kilichoachwa na wamisheni wa Kijerumani. Tangu Adamu hadi mitume, kila habari ilifuatwa na mafundisho yake. Kitabu kilinuka moshi, na ole wako ukikigusa kabla ya kunawa mikono.

Bibi, mama yake Tata, ndiye pekee nyumbani aliyekuwa hajabatizwa. Jamani, aibu ya Tata! Anafundisha kijiji kizima, mama yake anatafuna kahawa na kumcheka. Lakini Bibi alipougua, akawa hainuki tena kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, aliniita mimi niliyejua kusoma.

"Nisomee, mjukuu wangu. Nataka kujua babu yako yuko wapi."

Babu alikufa kabla ya mmisheni yeyote kufika kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kiburi cha darasa la kipaimara kilinijaa hadi puani. Nikafungua habari za Nuhu, nikasoma nikiiga sauti ya Tata ya mimbarini: wote waliobaki nje ya safina waliangamia. Nikafunua, nikaanza mnara wa Babeli.

"Ngoja kwanza," Bibi alisema. "Na hao wa nje? Hakuna aliyewafuata?"

"Hakuna, Bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Tata alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

"Basi babu yako yuko nje," Bibi alisema. "Mimi niingie ndani nikakae na nani?"

Akageukia ukutani. Siku mbili baadaye mchungaji alifika kutoka Bukoba kumbatiza; Bibi akafumba macho na mdomo mpaka alipoondoka. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba, kando ya mumewe, bila wimbo wala kengele. Tata alisimama mbali kama mgeni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Miaka ilipita, nikawa mwalimu wa shule ya Jumapili, na masika moja nilikuwa nakifuta kitabu kile ukungu. Unyevu ulikuwa umeachanisha karatasi mbili zilizogandana baada ya habari za gharika. Ndani mlikuwa na mafundisho nisiyowahi kuyaona: kwamba Kristo, alipokufa, alikwenda kuwahubiria hata wale wa siku za Nuhu. Aliwafuata! Nilisoma mara tatu nikilia. Pembezoni mwa karatasi ulikuwa umeganda uji mkavu wa ulezi.

Nikampelekea Tata. "Nani kabandika hapa?"

"Mimi. Watu wangesema, kama tutahubiriwa hukohuko, ubatizo wa nini? Nilitaka waje sasa."

"Na Bibi? Ulikuwa mlangoni, Tata!"

"Nilidhani hofu itamleta."

Nilimchukia siku ile, sifichi.

Kesho yake wangekuja watu wapya wa mafundisho ya ubatizo, wengine kutoka mbali, Kemondo. Jioni ileile nilimkuta Tata jikoni na kijiko cha uji, mikono ikimtetemeka kwa uzee, karatasi anazozibandika tena hazikai sawa. Nilisimama nikimtazama. Kisha nikanawa mikono, nikamshikia kitabu.