Siku Niliyolamba Magadi Ili Nifikishe Kilo Hamsini

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna mtu aliyenituma, na kama marehemu baba angekuwepo angeisimulia vizuri kuliko mimi, ingawa yeye alikuwa anaanza kucheka kabla hajafika katikati na inabidi umsubiri.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka kadhaa nyuma, niko nyumbani Oldeani, msimu wa kahawa nachuma za watu na ukiisha nachunga mbuzi wetu pamoja na baba. Tukasikia hoteli moja ya huko juu, ukingoni mwa kreta, lile bonde la volkano lenye wanyama, inatafuta vijana wa kubeba mabegi ya wageni. Nikapeleka barua ya mtendaji wa kijiji, wakaniita, nikajibu maswali kwa sauti ndogo (mimi mbele ya watu nisiowazoea sauti inakimbia), wakanikubali, ikabaki kupima afya tu: mkojo wa kuangalia bangi, macho, kifua na uzito. Kwenye uzito ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu walisema mbeba mabegi asipungue kilo hamsini, na mimi wiki hiyo nilipanda mizani ya duka la mbolea nikakuta arobaini na saba.

Nilifikiria siku mbili, jibu likanijia nikiwa machungani. Kwetu mbuzi akipelekwa mnadani hapandishwi kwenye mizani, mnunuzi anamshika kwa mikono miwili anamnyanyua, akimwona mzito anaongeza bei, kwa hiyo asubuhi ya mnada unamlambisha magadi, anashikwa na kiu, anakunywa mpaka tumbo linakaza, halafu unamkimbiza afike kabla hajakojoa. Nikasema kama mbuzi anaongezeka, mimi je?

Asubuhi ya kupimwa baba alinikuta nyuma ya zizi nalamba magadi, nimekunja uso.

"Paskali, tumbo linakuuma?"

Nikamweleza. Nilidhani atanigombeza, lakini aliingia ndani, akatoka na kidumu cha maji na kikombe.

"Basi kunywa vizuri," akasema. "Usiwe kama yule beberu mweusi, anaonja anaacha."

Nikanywa. Baba amechuchumaa pembeni ananihesabia, na kila nikitaka kuacha ananiambia bado viwili (nikiikumbuka asubuhi ile huwa natabasamu peke yangu, jua ndiyo linatoka, mbuzi wanatushangaa, na sisi wawili tuko makini kama tunafanya kazi ya serikali). Vikafika vikombe kumi na viwili, nikapanda pikipiki kwenda Karatu, na barabara ya Oldeani mnaijua, kila shimo lilikuwa linanidai yale maji.

Zahanati nikakuta wenzangu saba kwenye benchi, pamoja na Dada Happy, afisa utumishi wa hoteli, ameshika fomu zetu. Nesi akagawa vikopo.

"Tunaanza na mkojo," akasema. "Mizani mwisho."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikikojoa, kilo zangu zinabaki chooni. Kwa hiyo nikakaa na kikopo mkononi nikimwambia kila mtu tangulia kaka, tangulia kaka, miguu nimeibana, jasho linanitoka. Kijana mmoja wa Arusha aliyekaa karibu yangu akanitazama.

"Dogo, mbona unatetemeka? Umevuta nini?"

Nikasema nina baridi. Wakacheka, kwa sababu jua lilikuwa linawaka.

Wote walipokwisha nesi akaninyooshea kidole. Mpango wangu ulikuwa nitoe kidogo halafu nizuie kingine mpaka kwenye mizani. Nani alinidanganya kwamba inawezekana? Kikopo kilijaa, kikafurika, mkono ukalowa, suruali ya kaki ikalowa kutoka pajani mpaka kiatuni, na mimi siwezi kusimamisha. Nikatoka natembea ubavu ubavu nimeufuata ukuta, mkononi nimeshika kikopo cha mkojo mweupe kama maji.

Mtu wa maabara akakiinua dirishani.

"Hii umechota bombani."

"Ni mkojo."

"Mkojo gani huu? Wavuta bangi wote wanakuja na ujanja huuhuu."

Mlango ulikuwa wazi, benchi zima limesikia. Dada Happy akaja.

"Paskali, mtu akitia maji kwenye kikopo ana jambo anaficha. Kama unavuta sema sasa hivi, nikate jina nichukue mwingine."

Nilitakiwa kusema sentensi moja tu, kwamba nimekunywa maji mengi. Lakini nikisema hivyo nimekiri kwamba nilitaka kudanganya mizani, na hata hivyo mdomo ulikataa kufunguka. Nikaangalia chini. Kwake ule ukimya ndio ulikuwa jibu. Akachukua fomu yangu, akaona namba ya mtu anayenifahamu, yaani baba, akapiga na kuweka sauti kubwa ili na nesi asikie.

"Shikamoo mzee. Mimi ni afisa wa hoteli, ni kuhusu Paskali."

"Marahaba. Ameshapimwa?"

"Mkojo wake una tatizo. Niambie ukweli mzee, kijana wako anavuta bangi?"

"Paskali? Huyo hata moshi wa jikoni unamliza."

"Mbona ametuletea maji matupu?"

Nikaomba mtandao ukatike.

"Mwanangu, hayo maji nimemnywesha mimi," baba akasema. "Alilamba magadi, akanywa vikombe kumi na viwili, tulitaka afike hamsini. Mbuzi wa mnada tunawafanya hivyo." Kisha akashusha sauti kama anaulizia bei. "Sasa amefika ngapi?"

Nesi aliegemea ukuta kwa kicheko. Yule wa Arusha alikuja nyuma yangu akanishika kiuno akaninyanyua, akatangaza, "Huyu hafiki, mrudisheni zizini." Baba aliposikia kelele akabadili lugha, akaniuliza kwa Kiiraqw nimekojoaje kabla ya mizani, na nusu ya benchi walikuwa Wairaqw, wakawatafsiria wenzao.

Nikapimwa. Arobaini na sita na nusu. Nilikuwa nimepungua.

Dada Happy alifuta machozi akaniambia nirudi keshokutwa, nimekunywa chai tu kama watu wengine. Nikarudi, mkojo ukaonekana hauna kitu, lakini kilo zilikuwa zilezile.

"Mabegi sikupi," akasema, "mgeni atakuonea huruma akubebe wewe. Nenda bustanini, kule hatupimi uzito."

Niko bustanini mpaka leo, nalima karoti na saladi za wageni. Baba alifariki mwaka jana wakati wa masika. Kila mwaka hoteli inatupeleka kupimwa tena, nakwenda na kikombe kimoja cha chai tumboni, nakojoa wa kwanza, napanda mizani bila kuvuta pumzi. Na nimeapa kwamba mwajiri akiniuliza jambo nitajibu palepale kwa mdomo wangu, hata nikitetemeka, kwa sababu wa kunijibia kwenye simu hayupo tena.