Mama Alipoomba Matobolwa

Mama alitoka Kwihara kuja Mtendeni kuniuguza mimi. Mafua makali yalikuwa yamenilaza, mwili mzima unauma kama niliyetwangwa kinuni. Nilipoamka mimi, akalala yeye.

Siku tano homa ilimchemsha. Ya sita ikashuka, akaniuliza, "Mwanangu, hakuna matobolwa humu ndani?" Jamani, nilivyofurahi! Kwetu mgonjwa akianza kuulizia viazi vile vikavu, ale na karanga, basi amepona. Nikawapigia simu ndugu zangu wote kujigamba. Mama naye akaanza kufunga mizigo, ananitania eti anakimbia uuguzi wangu.

Kesho yake mchana nikamkuta kajikunja kitandani, anatetemeka, kashika ubavu wa kulia. "Kichomi," akasema. Nikachemsha maji ya chumvi, nikamkanda. Saa nzima ikapita nakanda tu, mjinga mimi! Nilipoona pua zinapanuka kila akivuta pumzi, na midomo imebadilika rangi, ndipo nikatoka mbio kutafuta bajaji.

Hospitalini daktari akaniuliza mama aliugua nini siku zilizopita.

"Hakuugua. Mafua tu, na yalishapona."

Daktari akanieleza taratibu: mafua yalikuwa yamechubua njia za hewa, na bakteria, ambao huenda walikuwa wametulia tu puani na kooni, wakapata upenyo wa kushuka mapafuni wakati mwili umeshachoka kupigana. Ndiyo nimonia hiyo. Homa ikiondoka halafu ikarudi, akasema, usikae nayo nyumbani.

Niliogopa, sifichi. Mama kawekewa mpira wa oksijeni, anachomwa sindano za antibiotiki, na mimi najua fika kwamba mafua yale aliyapata kwangu. Nilisali huku nagombana na Mungu: amekuja kuniuguza, halafu umchukue yeye?

Siku ya nne homa ikashuka. Mama akafumbua macho, akanong'ona, "Matobolwa yangu umeyala?"

Nesi akacheka. "Huyu kapona."

Hata mimi mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Nikaweka kiganja ubavuni mwake, nikahesabu pumzi, moja moja, mpaka mwenyewe akaniambia nimwachie nafasi apumue. Sikukiondoa.